Kamera zilikuja siku mdogo wangu anafungwa kamba, siku hakimu anasoma kwamba alikuwa mgonjwa hakuja hata mmoja

#1 Dada wa Mwandiga

Wakuu habari zenu, na nyie wa huku kwetu mwakeye. Uzi ni mrefu naomba mnivumilie maana nimekaa nao kifuani tangu 2019.

Mdogo wangu wa mwisho alichoma nyumba ya baba yetu mdogo huko wilaya ya Kasulu, kijiji sitakitaja. Hakufa mtu, namshukuru Mungu kila siku kwa hilo, ila mahindi ya mwaka mzima yaliteketea, mbuzi wawili, na vyeti vya shule vya watoto wa baba mdogo. Alichoma yeye, hakuna anayebisha hapo. Alikuwa anasikia sauti zinamwambia kuna kitu kimefichwa kwenye paa la ile nyumba na ndo kinachomuua mama taratibu. Mama kweli alikuwa anaumwa kipindi kile, presha, kwahiyo kwake yeye kila kitu kilikuwa kinaingiana.

Alianza kuumwa akiwa kidato cha tatu. Tulizunguka naye sana kabla hatujafika hospitali, mganga mmoja Uvinza alikula ng'ombe wetu, alafu kwenye maombi akalazwa chini wiki mbili bila kula vizuri. Tulipofika kliniki ya afya ya akili akaanzishiwa vidonge na baadae sindano ya kila mwezi na jamani mtoto alirudi, alikuwa anaenda shamba, anacheka, anakumbuka hadi madeni ya watu. Kisha pale tulipokuwa tunachukulia dawa zikawa hazipo, njoo wiki ijayo, njoo mwezi ujao, kanunue nje, na nje bei si yetu. Ikapita miezi mitatu. Wa nne ndo akachoma.

Sasa sikilizeni. Asubuhi ile kabla polisi hawajafika alifika kijana na simu na maiki yenye jina la onlini tivi. Mdogo wangu amefungwa kamba za katani kwenye mwembe, damu zinamtoka kwenye nyusi, na yule kijana anamhoji. KWANINI UMECHOMA, NANI KAKUTUMA, UNA SIRI GANI. Mtu anayesikia sauti anaulizwa nani kamtuma! Akawa anajibu, anacheka, analia, anataja majina ya watu wa ukoo wetu. Jioni vidio iko hewani, KICHAA ACHOMA NYUMBA KASULU ATOBOA SIRI NZITO. Mama alionyeshwa ile vidio sokoni Mwandiga na mtu aliyekuwa anapimiwa dagaa, wala hakujua anayemwonyesha ni mama wa huyo aliyefungwa kamba.

Siku ya kwanza mahakamani walikuja wawili na kamera. Kesi ikawa inatajwa na kuahirishwa, inatajwa na kuahirishwa, hawakurudi. Mahakama ikaamuru akapimwe akili Isanga, ile taasisi ya wagonjwa wa akili wenye kesi kule Dodoma. Akasubiri kusafirishwa muda mrefu akiwa mahabusu. Akapimwa, ripoti ikaja, kesi ikasikilizwa, na siku ya uamuzi hakimu akasoma kwamba kitendo alikifanya ila kwa sababu ya ugonjwa wa akili aliokuwa nao wakati ule hana hatia. Alisoma kwa Kiswahili, mama akasikia mwenyewe neno kwa neno bila kutafsiriwa. Ndani tulikuwa mimi, mama, baba mdogo, karani, askari na watu wa kesi zingine wanasubiri zamu zao. Baba mdogo ndo mwenye nyumba iliyoungua na alikuwa shahidi wa upande wa serikali, na alikaa benchi moja na mama. Alisema mtoto anaumwa, nani alikuwa ananisaidia kumshika akizidiwa kama si hawahawa.

Hilo halikuandikwa popote. Sijaona mstari mmoja.

Akarudishwa Isanga, mama akawa anapanda treni ya Kigoma kwenda Dodoma kumwona, na mfuko wake wa migebuka mikavu na kidumu cha mawese. 2024 akaruhusiwa kurudi nyumbani chini ya uangalizi wetu. Sa hivi anatengeneza baiskeli, dawa anameza, kliniki hajakosa hata mwezi mmoja. Wiki iliyopita kaja mtoto wa shule kuziba pancha, akatoa simu akamwambia bro si ni wewe huyu? Ni ile vidio. Bado ipo. Amefunga kibanda siku tatu hajatoka ndani.

Ndo nimekuja hapa kuuliza, hivi habari ya mahakamani inaisha siku ya kwanza?

#2 Kijana wa Gungu

Pole dada. Ila tuambiane ukweli, siku hizi kila anayekamatwa anajifanya kichaa. Mtu anaua leo kesho anaokota makopo mbele ya hakimu anaachiwa anarudi mtaani. Wananchi wana haki ya kuogopa. Na wengine ni bangi tu hamna ugonjwa wowote.

#3 Wakili wa Ng'ambo

Pole sana dada. Mi niko Tabora hapa, kesi za namna hii nimezisimamia kadhaa. Kijana wa Gungu sikulaumu maana hivyo ndo watu wengi wanavyojua, na wanavyojua hivyo kwa sababu hiyohiyo aliyoisema dada, wanaona mwanzo hawaoni mwisho.

Kwanza hakuna kitu kinaitwa kuokota makopo mbele ya hakimu ukaachiwa. Kanuni ya Adhabu inaanzia kwamba kila mtu ana akili timamu mpaka ithibitike tofauti, na anayetakiwa kuthibitisha ni upande wa mshtakiwa. Kifungu cha 13 kinauliza wakati ule wa tendo, kwa sababu ya ugonjwa unaoathiri akili, je alikuwa hawezi kuelewa anachofanya, au hawezi kujua kwamba hakutakiwa kukifanya, au hana uwezo wa kujizuia. Kuwa na historia ya kuumwa peke yake haitoshi. Kuna watu nimewatetea wana kadi ya kliniki ya miaka kumi na mahakama ikasema siku ile ulikuwa unajua, ulificha panga, ulikimbia, ulitunga uongo kwa polisi. Wakafungwa.

Pili, kupimwa hapimi hakimu kwa macho. Mahakama inasimamisha kesi inaamuru mshtakiwa apelekwe hospitali ya akili, na sheria inampa daktari siku 42 kuandika ripoti. Pale Isanga anatazamwa usiku na mchana, anavyolala, anavyokula, anavyoongea na wenzake asipojua anaangaliwa. Kujifanya siku moja mahakamani rahisi, jifanye wiki sita mbele ya watu ambao hiyo ndo kazi yao ya kila siku.

Tatu hilo neno kuachiwa. Haachiwi! Uamuzi unasema alitenda ila hana hatia kwa sababu ya ugonjwa, na hapohapo anaamriwa kushikiliwa, na taarifa inaenda kwa Waziri. Aliyefungwa miaka kumi anahesabu siku zake ukutani. Huyu hana tarehe ya kutoka. Nina wateja waliowahi kuniambia wakili bora ningekiri nikafungwa.

Bangi nayo ina kifungu chake, ulevi wa kujitakia kwa kawaida haukuokoi.

#4 Kibirizi Leo

Wakili nimekusoma. Swali, kwahiyo akipata nafuu huko Isanga anarudishwa kizimbani kushtakiwa upya?

#5 Wakili wa Ng'ambo

Hapo ndo magazeti yanachanganya kila siku. Ni maswali mawili tofauti. Moja ni je SASA HIVI mtu huyu anaweza kufuatilia kesi, anamwelewa wakili wake, anajua hakimu ni nani? Kama hawezi kesi inasimama, anatibiwa, akipata nafuu kesi inaendelea. La pili ni je SIKU ILE ya tendo alikuwaje. Mtu anaweza kuwa mzima kabisa leo kizimbani, kanyoa, kavaa shati safi, na bado siku ya tukio alikuwa hajui anachofanya. Watu wanaona picha ya shati safi wanasema mbona mzima huyu, anatudanganya. Mdogo wake dada bila shaka alikuwa ameshapata dawa wakati anasomewa uamuzi, lazima alionekana mtulivu.

Na haya tuliyarithi kwa Mwingereza. 1843 London kuna mtu anaitwa Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa waziri mkuu Robert Peel, akiamini watu wa chama tawala wanamwinda usiku na mchana. Baraza la mahakama, yani raia waliochaguliwa kuamua kesi, likasema mgonjwa huyu, hana hatia. Magazeti ya kule yakawaka, hata malkia Victoria alikasirika, mpaka majaji wakaitwa bungeni kueleza sheria ikoje, na majibu yao ndo mzizi wa kifungu chetu cha 13. Sasa waulize watu, M'Naghten aliishia wapi? Watakwambia aliachiwa. Alikaa hospitali za kufungiwa mpaka akafia humo 1865. Miaka 22.

#6 Msomaji wa Cheyo

Naongezea kwa wakili. Marekani yule John Hinckley aliyempiga risasi rais Reagan 1981, mwaka uliofuata baraza likasema hana hatia kwa ugonjwa wa akili na nchi nzima ikapiga kelele hadi sheria ikabadilishwa 1984. Ruhusa ya kuishi nje ya hospitali moja kwa moja kaipata 2016, masharti ya mahakama yameisha 2022. Kuna utafiti wa hukohuko ulichapishwa 1994, wananchi walikisia kwamba utetezi huo unatumika kwenye kesi 37 katika kila 100. Hesabu halisi haikufika hata moja kwa mia. Pengo lote hilo linatoka kwenye kesi chache zilizoonyeshwa sana kwenye tivi.

Kinyume chake pia kipo. Norwei yule Breivik aliyeua watu 77 mwaka 2011, watu walisema huyu lazima kichaa, mzima hawezi kufanya vile. Madaktari wa kwanza walisema mgonjwa, wa pili wakasema sio, mahakama ikaamua 2012 kwamba alikuwa na akili zake, kafungwa. Kwahiyo ukatili sio ugonjwa, tukishaufanya ubaya kuwa ni ukichaa tunawasingizia wagonjwa ambao hawajawahi hata kumkanyaga kuku.

#7 Mnyamwezi wa Sikonge

Nimesoma zote mpaka hapa na nimeandika nikafuta mara tatu. Mi niko upande wa pili.

Shangazi yangu alikatwa panga na kijana wa jirani. Alikufa njiani tunampeleka hospitali. Kijana alikuwa anaumwa akili, kijiji kizima kilijua, hata shangazi alikuwa anampaga uji asubuhi. Habari ilitoka siku ileile, Kamanda wa polisi alisema uchunguzi wa awali unaonyesha mtuhumiwa ana matatizo ya akili. Basi. Na sisi tukabaki na hiyo sentensi moja. Kaburi limeshaota majani.

Alipelekwa mahakamani, kesi ya mauaji kwenye ile mahakama ya kwanza mtuhumiwa haruhusiwi hata kujibu kitu kwa sababu mahakama ile haina mamlaka, tukaambiwa upelelezi haujakamilika, tukawa tunaenda, nauli imeisha tukaacha. Mpaka leo sijui kilichotokea. Kafungwa? Yuko Isanga? Kafa? Sijui. Mwaka juzi kuna mtu kasema kamwona Nzega stendi, baba yangu hajalala wiki nzima. Labda hakuwa yeye.

Kwahiyo dada nakuelewa unavyolalamika kuhusu kamera ila nami nataka uelewe, mnaposema alikuwa mgonjwa sisi tunasikia shangazi yenu hakuuawa na mtu. Kauawa na nani sasa? Na upepo?

#8 Dada wa Mwandiga

Kaka wa Sikonge pole sana, pole kutoka moyoni. Nimesoma ujumbe wako nikamsomea mama na amenyamaza muda mrefu alafu akasema mwambie alikuwa na haki ya kuitwa.

Sikuja hapa kusema asilaumiwe mtu. Baba mdogo nyumba yake iliungua kweli. Ile siku ya uamuzi yeye alipata kitu ambacho wewe hukupata, alikaa pale akasikia kila kitu, daktari alisema nini, mtoto anapelekwa wapi. Hakimu alianza kwa kusema KITENDO ALIKIFANYA. Hilo neno baba mdogo alilihitaji kuliko sisi. Ungelisikia hilo kuhusu shangazi yako, au hata ungelisoma tu kwenye gazeti, nadhani usingekuwa unawaza upepo.

Naona na wewe habari yako iliishia siku ya kwanza.

#9 Mwandishi wa Mikoani

Nimekuwa nasoma kimya, acha niseme. Mimi ni mwandishi, ripota wa mkoa, hii kanda naizunguka miaka mingi. Mnayosema ni kweli na inaniuma kuisoma.

Iko hivi. Sisi wengi wa mikoani hatuna mshahara, tunalipwa kwa habari iliyotoka. Tukio lenyewe linatoka. Kupandishwa kizimbani inatoka. Kesi kutajwa kila baada ya siku 14 haitoki, mhariri anakuuliza kuna jipya gani, unamwambia imeahirishwa, anakata simu. Mpaka uamuzi unakuja imepita miaka, mimi sina ratiba ya mahakama, karani niliyemzoea kahamishwa, na hata nikijua ni leo, mhariri anaweza kusema tukio lenyewe watu wameshalisahau. Wakati tukio alikuwa analitaka kabla ya saa sita mchana.

Kuhusu maneno. Taarifa za polisi tunazoandika zina sababu tatu zinazojirudia, wivu wa mapenzi, imani za kishirikina, ugonjwa wa akili. Nimeandika inadaiwa ana matatizo ya akili mara nyingi sana na sikumbuki hata mara moja niliyomuuliza daktari. Chanzo changu kilikuwa mwenyekiti wa kitongoji, au jirani. Mahakama inampa daktari siku 42 na mimi nilikuwa namaliza kwa dakika kumi nikiwa juu ya bodaboda.

Ile ya kumhoji mtu kafungwa kamba sijawahi na sitafanya. Maadili ya taaluma yanataka uwe na huruma kwa mtu aliye kwenye hali ya namna ile, na anayehojiwa akubali akijua anakubali nini. Mtu hajui yuko wapi, atakubalije kuhojiwa? Ila wanaofanya wengi hawajapita darasa lolote la habari, wana simu na chaneli.

Dada kama utaniruhusu nikutafute inboksi.

#10 Nesi Mstaafu

Wanangu hamjambo. Nimefanya kazi wodi na kliniki ya akili miaka zaidi ya ishirini, mikoa miwili hii yote.

Nataka niseme kuhusu ile miezi mitatu ya dada, maana mmeipita haraka. Habari ilipaswa kuanzia pale. Mgonjwa wa sindano ya mwezi akikosa sindano haanguki kesho yake, dawa inapungua mwilini polepole, wiki za kwanza yuko sawa na familia inasema kumbe kapona. Alafu usingizi unapotea. Usiku anatembea. Anaanza kuwaangalia watu kwa wasiwasi, anakataa chakula alichopika fulani. Hizo ni wiki ambazo mtu angeweza kuokolewa na nyumba ingeokolewa. Nimeona hili zaidi ya mara moja, mgonjwa aliyetulia mwaka mzima anapotea kwa sababu ya kichupa kimoja cha dawa kukosekana kwenye shelfu. Mwandishi angeuliza swali moja tu, mara ya mwisho alichomwa sindano lini? Hiyo ingekuwa habari ya kumsaidia hata mwananchi anayeogopa.

Na Mirembe, hospitali ya akili kule Dodoma, ipo tangu 1927, karibu miaka mia, na bado watu wanaitaja kama tusi. Ukigombana na mtu unamwambia we wa Mirembe. Nimepokea akina mama wanaomleta mtoto usiku kwa mlango wa nyuma ili majirani wasione kwamba wamefika kliniki ile, na pale tunatibu hadi kifafa. Wakichelewa kwa aibu wanamleta kafungwa kamba. Kamba mnazoziona kwenye vidio mara nyingi zimeanza na aibu.

Wagonjwa niliowauguza waliopigwa, waliobakwa, waliochomwa moto na watu wazima wenye akili zao ni wengi kuliko waliomgusa mtu. Hao sijaona kamera yao.

#11 Binti Ujiji

Shikamoo mama nesi. Naomba niongelee wamama waliojifungua maana hapo ndo roho yangu inaumaga kabisa. Kila nikiona MAMA KATILI AMUUA KICHANGA na picha ya binti kajifunika khanga usoni, najiuliza kajifungua lini? Kuna mtu kauliza? Sheria yetu yenyewe kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu kinajua kwamba mama mwenye mtoto chini ya miezi 12 anaweza kuwa akili yake haijatulia kwa sababu ya uzazi, na inalifanya kosa lake kuwa tofauti na mauaji. Bunge lililijua hilo zamani sana na mitandao haijalijua mpaka leo.

Marekani kuna mama anaitwa Andrea Yates aliwazamisha watoto wake watano 2001, alikuwa na ugonjwa mkali wa akili baada ya uzazi. Kesi ya kwanza kafungwa maisha. Ikaja kugundulika daktari wa upande wa mashtaka alitoa ushahidi kuhusu kipindi cha tamthilia ya televisheni kinachofanana na tukio lile, kumbe kipindi hicho hakijawahi kuwepo! Hukumu ikafutwa 2005, mwaka uliofuata ikaamuliwa hana hatia kwa ugonjwa, yuko hospitali. Yani tivi iliingia hadi kizimbani.

Dada yangu mimi alipata hiyo hali baada ya mtoto wa pili. Alikuwa anasema mtoto sio wake, kabadilishwa. Tulimchukua mtoto akakaa na bibi miezi miwili na dada akatibiwa, leo mtoto yuko darasa la nne. Siku moja tu tungechelewa angekuwa MAMA KATILI.

#12 Kijana wa Gungu

Nimerudi. Niseme ukweli, ile vidio ya Kasulu niliiona kipindi kile na nilikomenti. Sikumbuki niliandika nini, nimeenda kuitafuta nikaikuta. Sitaiandika hapa. Nimeifuta. Dada nisamehe.

Ila wakili swali langu bado lipo, akitoka huko nani anahakikisha anameza dawa? Maana hofu ya watu haijaisha kwa sababu tu nimefuta komenti.

#13 Wakili wa Ng'ambo

Swali zuri na jibu lake halinifurahishi. Tuna Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inayozungumzia matunzo na matibabu, ila kiuhalisia anayehakikisha ni mama yake. Ukiwa na mama kama wa dada uko salama. Asiyekuwa na mtu ndo unayemkuta stendi.

Mnyamwezi wa Sikonge, jalada la kesi ya shangazi yako lina namba, na matokeo yake si siri. Kama ilifika Mahakama Kuu, masijala watakuambia ilipoishia. Nitumie jina la mtuhumiwa na mwaka inboksi, nitakufuatilia mwenyewe, hutolipa kitu.

#14 Mnyamwezi wa Sikonge

Nimekutumia wakili. Asante.

#15 Kibirizi Leo

Tuliopo Kigoma tuingie wote turipoti ile vidio ishushwe, ukibonyeza vile vidoti vitatu kuna sehemu ya kuripoti, andika inamdhalilisha mgonjwa. Dada weka jina la chaneli.

#16 Dada wa Mwandiga

Ndugu yangu nikiweka jina la chaneli hapa watu watakimbilia kwanza kuangalia. Nimewatumia wachache inboksi, mmesaidia, Mungu awabariki.

Kijana wa Gungu nimekusamehe. Swali lako nimemuuliza mdogo wangu mwenyewe, leo katoka ndani. Kasema mwambie dawa nameza saa mbili usiku, baba mdogo huwa anapiga simu kuuliza, asipopiga nampigia mimi.

#17 Wakili wa Ng'ambo

Mnyamwezi wa Sikonge angalia inboksi. Nimepata jalada. Aliyeonekana Nzega siye. Mengine nimekuandikia pembeni, nadhani ni bora umsomee mzee mwenyewe kwa sauti.

#18 Mnyamwezi wa Sikonge

Nimesoma. Naenda nyumbani Sikonge kesho. Siwezi kuandika zaidi sa hivi.

#19 Dada wa Mwandiga

Wakuu narudisha mrejesho. Yule mwandishi alinitafuta, tumeongea simu karibu saa nzima, kaomba nakala ya uamuzi tumempa. Mhariri wake kakubali. Ataandika kilichosomwa siku ile, ripoti ya daktari ilisema nini kwa kifupi, ile miezi mitatu ya dawa, na baba mdogo kakubali kunukuliwa, kasema aandikwe tu mwenye nyumba.

Alituuliza kama tuna picha ya mdogo wangu akiwa kibandani kwake na baiskeli, ili watu wamwone alivyo sasa. Mimi nilitaka. Nilikuwa nimeshaichagua hadi moja, kakaa kwenye kiti cha kamba na tairi mkononi, anacheka vizuri.

Mama amekataa. Kasema wameshamwona inatosha, sasa wamsome.